Kinacholia mgongoni si mfupa unaorudi mahali pake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya Barua za Wasomaji ili nieleze machache kuhusu kairopraktiki, yaani ile tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono ambayo siku hizi imeenea sana katika video za simu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa, na kazi yangu ya kila siku ni migongo, shingo na viuno vya watu. Si tabibu wa kairopraktiki, na sina masilahi yoyote katika kuitangaza wala kuiponda tiba hiyo. Ninavyoiona mimi, tiba yenyewe haina makuu: kwa baadhi ya maumivu ya mgongo inasaidia kwa kiasi, kwa mengine haisaidii. Kinachowaumiza watu zaidi ni maelezo yanayoambatana nayo, kwamba mfupa umehama na sharti urudishwe, kwa sababu mtu akishaamini hivyo huanza kuuogopa mwili wake mwenyewe na kufanya maamuzi asiyopaswa kuyafanya.

Video hizo nimezitazama nyingi, kwa kuwa wagonjwa hunifungulia simu zao na kuniuliza kwa nini mimi siwafanyii vile. Mgonjwa hulala kifudifudi, kipaza sauti kidogo hubandikwa karibu na shingo yake, tabibu hukandamiza kwa ghafla, na sauti inayotoka ni kama kuni kavu zinazovunjwa gotini. Mgonjwa huinuka akicheka, mwingine huinuka akilia, na watazamaji huandika chini kwamba nao wanaihitaji huduma hiyo. Kinachokosekana katika video ni hali ya mgonjwa huyo baada ya wiki mbili.

Ili mtu aelewe maelezo ya mfupa uliohama yalitoka wapi, inafaa arudi nyuma hadi mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Huko alikuwapo mtu aliyeitwa Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada, ambaye hakuwa daktari bali alikuwa akiendesha tiba aliyoiita ya sumaku. Palmer alisimulia kwamba alimsukuma pingili moja ya mgongo mfagizi aliyeitwa Harvey Lillard, na usikivu wa mtu huyo, uliokuwa umepotea kwa miaka mingi, ukarudi. Hadithi hiyo ndiyo iliyozaa fani nzima, na miaka 2 baadaye Palmer alifungua shule. Ugumu wake ni kwamba mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka sikioni na kuingia kwenye ubongo ukiwa ndani ya fuvu muda wote, wala haushuki mgongoni hata kidogo. Palmer hakusita, mwaka 1910 aliandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama, na asilimia iliyobaki kwa maungio mengine yaliyoteguka. Kwa hesabu hiyo hakuna malaria, hakuna kifua kikuu, hakuna kisukari. Kuna pingili tu.

Wengi wa matabibu wa kairopraktiki wa leo hawayasemi tena hayo, na ni haki kulisema jambo hili waziwazi. Mwaka 2010 baraza linalowasimamia nchini Uingereza lilitamka kwamba dhana hiyo ya kale ya pingili kuhama haina ushahidi wa kitafiti unaoruhusu mtu kudai kuwa ndiyo chanzo cha ugonjwa. Hata hivyo, kile ambacho baraza lao limekiweka kando ndicho kinachosafiri mpaka kwetu kwa njia ya simu, kikadakwa na kila anayetaka kufungua chumba cha kunyoosha watu.

Hebu tuutazame mgongo wenyewe. Pingili zinazojongea, kutoka shingoni hadi kiunoni, ni 24, nazo zimefungwa pamoja kwa diski ngumu, kano nene na misuli inayopishana tabaka juu ya tabaka. Pingili ikihama kweli kwa ghafla, kama inavyotokea katika ajali ya gari au mtu anapoanguka kutoka juu ya mnazi, mhusika hubebwa kwa machela, mara nyingi amepooza, na hupelekwa chumba cha upasuaji. Haji kwa miguu yake akisema kiuno kinamkaza tangu Jumatatu. Hata diski ambayo watu husema imetoka, kwa kawaida huwa imevimba au imepasuka ukingoni. Haijatoka mahali pake kama sabuni inavyoponyoka mkononi, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuisukuma ndani kupitia ngozi na misuli.

Vipi basi kuhusu ile sauti? Ndani ya maungio kuna ute unaoyalainisha. Nyuso mbili za ungio zinapotenganishwa kwa ghafla, shinikizo ndani yake hushuka na tundu la gesi hujitokeza ndani ya ute huo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole ndani ya mashine ya picha za sumaku, na wakaona tundu hilo likifunguka papo hapo sauti iliposikika. Mgongoni ni jambo lilelile linalotokea mtu anapoalisha vidole vyake, na ndiyo maana ungio lililokwisha kulia haliwezi kulia tena mara moja bali husubiri kwa dakika kadhaa. Sauti hiyo haithibitishi kwamba kuna kilichorudi mahali pake. Wapo wanaopata nafuu bila kusikia chochote, na wapo ambao mgongo mzima hulia, wakaondoka na maumivu yaleyale.

Kwa nini basi wengine hupata nafuu kweli? Msukumo wa ghafla huamsha vihisi vilivyomo katika misuli na maungio, na kwa muda mfupi ubongo hupunguza kiwango cha maumivu na misuli iliyokaza hulegea. Ongeza hapo mtu aliyekusikiliza, akakugusa pale panapouma na kukuambia kwa uhakika kwamba utapona. Haya si mambo ya kudharauliwa. Mapitio ya majaribio 47 yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kwa maumivu sugu ya kiuno, tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono hutoa matokeo yanayokaribiana na tiba nyingine zinazopendekezwa, kama mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na elimu kwa mgonjwa, mazoezi na kukandwa. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno wala tiba ya mashine ya mawimbi ya sauti. Nayaandika haya nikijua vyema kwamba vyumba vingi vya fiziotherapia, vikiwemo vya kwetu, bado vina mashine hiyo na wagonjwa huipanga foleni.

Kwa hiyo wanaosema kwamba kairopraktiki ni utapeli mtupu wanakosea pia. Madaktari wa Marekani walijaribu kwa miaka mingi kuwatenga matabibu hao, chama chao kikiwa na kamati maalumu ya kupambana na utapeli, hadi baadhi ya matabibu hao walipokwenda mahakamani mwaka 1976. Mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba chama cha madaktari kilikula njama kinyume cha sheria za ushindani wa biashara. Hukumu hiyo nayo hunukuliwa vibaya, kwa kuwa wapo wanaoitangaza kama uthibitisho kwamba tiba hiyo inatibu kila kitu, ilhali kesi ilihusu ushindani wa kibiashara, na mahakama haikuketi kupima nani anaponya nini.

Sasa niseme kile ninachokiona chumbani kwangu. Alikuja kijana mmoja dereva wa bodaboda, amevaa mkanda mpana wa kiuno juu ya shati, mkononi bahasha ya picha ya eksirei. Alikuwa ameambiwa na mnyooshaji mmoja kwamba pingili zake tatu zimehama na kwamba lazima arudi kila wiki, vinginevyo miguu itakufa ganzi. Alikuwa ameacha mpira, ameacha kubeba abiria wenye mizigo, na amehamia kulala sakafuni. Nilipomwomba avue viatu, hakuinama. Aliweka mguu juu ya kiti, akaufungua ule uzi kwa ncha za vidole huku amenyoosha mgongo wima. Nikamwambia ajaribu kuinama. Akaniuliza, “Dokta, nikiinama si zitatoka tena?” Nilimpima nguvu za miguu, hisia za ngozi na mishtuko ya magoti, vyote vikawa salama. Picha yake ilikuwa ya kawaida kwa mtu wa umri wake. Maumivu alikuwa nayo, tena ya kweli, lakini kilichomfunga ilikuwa ile sentensi moja aliyoambiwa. Tulianza kwa kumfundisha kuinama akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, kisha akiwa ameshika ndoo tupu, kisha ndoo yenye maji. Mkanda aliuacha mwenyewe.

Nisiwaonee wanyooshaji peke yao, maana sisi wa hospitali tunaitia mafuta imani hiyohiyo. Mgonjwa hupigwa picha, husomewa kwamba pingili zimesagika, na hurudi nyumbani akijiona mlemavu. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote yalionyesha kwamba dalili za diski kuchakaa huonekana kwa asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni alama za umri, kama mvi. Anayemwonyesha mgonjwa alama hizo na kumwambia kwamba ndizo zinazomtesa, awe daktari au mnyooshaji, anapaswa kuwa na sababu nyingine zaidi ya picha.

Imani kwamba mtu akishaanza kunyooshwa lazima aendelee maisha yake yote, nayo inatoka kwenye kisima hichohicho. Kama pingili zinahama zenyewe, ni kweli zitahitaji kurudishwa kila wiki. Kwa kuwa hazihami, hakuna sababu hiyo. Maumivu ya kiuno yaliyoanza ghafla kwa watu wengi hupungua sana ndani ya wiki 6, wanyooshwe wasinyooshwe, na tabibu mwaminifu wa fani yoyote humwambia mgonjwa siku ya kwanza atamwona mara ngapi, na ni lini wataacha iwapo hakuna mabadiliko. Anayekuuzia kifurushi cha mwaka mzima kabla hajakupima, huyo yuko sokoni.

Madai ya kutibu pumu, presha, kisukari, ugumba na mtoto anayechelewa kusema sitayachambua moja moja. Hayana ushahidi. Nitakumbusha tu kwamba mwaka 2008 mwandishi wa sayansi Simon Singh alishtakiwa kwa kashfa na chama cha matabibu wa kairopraktiki cha Uingereza, kwa kuwa aliandika gazetini kwamba madai ya kutibu pumu, maambukizi ya masikio na msokoto wa tumbo wa watoto wachanga hayana msingi. Mwaka 2010 chama hicho kiliondoa kesi. Australia nayo, mwaka 2019, bodi inayosimamia fani hiyo ilizuia kwa muda kunyooshwa uti wa mgongo kwa watoto walio chini ya miaka 2, baada ya kusambaa kwa video ya mtoto mchanga wa wiki chache akifanyiwa hivyo. Mama na bibi zetu wanaomkanda mtoto kwa mafuta baada ya kumwogesha hawamo katika lawama hii. Kumpapasa mtoto ni jambo jingine kabisa na kumsukuma pingili.

Shingo ndiyo inayonitia hofu zaidi, na hapa simlengi tabibu wa kairopraktiki bali kinyozi. Katika saluni zetu nyingi za kunyolea mteja akishanyolewa na kufutwa kwa taulo la moto, hukandwa mabega, jambo ambalo ni zuri na sina neno nalo. Kisha, bila kuulizwa, hushikwa kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, na kichwa huzungushwa kwa ghafla kushoto na kulia mpaka kilie. Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda ubongoni kwa kupita ndani ya matundu ya pingili za shingo, na karibu na fuvu hujikunja kabla ya kuingia ndani. Mshipa huo ukichanika ukuta wake wa ndani, damu inaweza kuganda na kuziba, na mtu akapata kiharusi hata akiwa kijana. Tukio hilo ni la nadra sana, wala si kila mara linasababishwa na mkono wa mtu. Utafiti uliofanywa Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliopata kiharusi cha aina hiyo walikuwa wamemtembelea tabibu wa kairopraktiki, au daktari wa kawaida, kwa kiwango kinachokaribiana. Maana yake ni kwamba huenda wengi walikwenda kutafuta tiba kwa sababu mshipa ulikuwa tayari umeanza kuchanika na shingo inauma. Hilo linanituliza kiasi kuhusu matabibu, lakini linanifanya niwe mkali zaidi kwa mambo mawili. Mtu mwenye maumivu mapya ya shingo au kichwa, makali ambayo hajapata kuyasikia, pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza, ulimi mzito au kuyumba anapotembea, asinyooshwe na mtu yeyote bali apelekwe hospitali mara moja. Na kinyozi asimzungushe mtu shingo kabisa, kwa sababu hana njia ya kumjua mteja wa namna hiyo, na faida anayompa ni ile sauti tu.

Kuna na hatari nyingine ambayo haitajwi sana, kwa sababu katika nchi ambako video hizi zinatengenezwa ni nadra. Kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo. Huanza kama maumivu ya mgongo ya kawaida, yanayoongezeka polepole kwa wiki na miezi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na mwili kupungua, na kikiachwa hula pingili mpaka mgongo ukatoa kibyongo na miguu ikapooza. Mgongo wa namna hiyo ukikandamizwa kwa ghafla unaweza kuvunjika. Homa ya maziwa yasiyochemshwa, inayowapata sana wafugaji, nayo hukaa mgongoni. Kwa wazee wa kiume, saratani ya tezi dume hupenda kusambaa kwenye pingili za kiuno. Yeyote mwenye maumivu yasiyotulia hata akilala, aliyewahi kuugua saratani, anayeishi na virusi vya UKIMWI na amepungua mwili, au aliyeanguka hivi karibuni, anahitaji kupimwa kwanza. Anayekosa hisia sehemu za siri, au ambaye ghafla hawezi kutoa au kuzuia mkojo na haja kubwa, hana siku ya kusubiri. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Siku alizozitumia kwa mnyooshaji mgonjwa wa namna hii ndizo zilizokuwa zake za kupona bila ulemavu.

Tofauti ya tabibu aliyesomea na mnyooshaji wa mtaani iko hapo, katika kujua ni nani asiguswe, kuliko katika ufundi wa mikono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka asiyekuwa na elimu ya tiba kabla asome kairopraktiki kwa muda usiopungua saa 4,200, ikiwa ni pamoja na saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Afrika Kusini fani hiyo inafundishwa chuo kikuu, Durban na Johannesburg, na wahitimu husajiliwa kisheria. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake la usajili. Mgonjwa anayo haki ya kumwuliza anayetaka kumshika mgongo amesomea wapi, kwa miaka mingapi na amesajiliwa na nani, na swali hilo si utovu wa adabu. Anayejibu kwa kuonyesha idadi ya wafuasi wake mtandaoni hajajibu.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa meza yako ya matangazo. Zipo huduma zinazojitangaza magazetini na redioni kwa maneno ya kurudisha pingili zilizohama, na katika mstari huohuo zikaorodhesha presha, kisukari na nguvu za kiume. Nashauri tangazo la namna hiyo lisipokelewe mpaka mwenye nalo alete namba ya usajili, na namba hiyo ichapwe ndani ya tangazo lenyewe ili msomaji aweze kuihakiki kabla hajalipa nauli.

Wako katika ujenzi wa afya ya jamii,

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Morogoro